Njia ya Chokaa Nyuma ya Shule ya Ushonaji, Murara

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na ninyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba mara mbili niwaandikie mambo ya kazi. Mara ya kwanza nilikataa, kwa sababu nilijua mnachotaka: fomu ipi inajazwa wapi, mhuri upi unatangulia, mkubwa yupi anapenda kusalimiwa vipi. Hayo yapo kabatini, rafu ya chini, kama panya hawajayamaliza. Safari hii nimekubali, lakini nitaandika ninayotaka mimi. Vyeo sitavitaja, maana hakuna cheo kilichowahi kunisaidia kuhamisha ukuta wa mtu. Nitaandika juu ya nje ya milango.

Kwa asiyetujua, kazi yetu ilikuwa kukagua majengo ya mji wa Goma, maduka, shule, hoteli na kumbi za sala, tuone kama moto ukiwaka watu watatoka salama. Kila mtu mjini humu anadhani kazi hiyo inaishia mlangoni. Ukimwuliza mwenye jengo, "Watu watatokea wapi?" anakuonyesha mlango, anaufungua, anaufunga, anakutazama kama mtoto aliyemaliza hesabu. Nimetazamwa hivyo maisha yangu yote. Daktari anasema damu yangu inapanda kwa sababu ya chumvi. Mimi najua inapanda kwa sababu gani.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa karani aliyetoka Bukavu na viatu vya kung'aa na kalamu mbili mfukoni. Nilikabidhiwa kwa Papa Birindwa, mtu wa Bukavu kama mimi, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mrefu, mwenye subira ndogo kuliko mtumishi yeyote wa serikali niliyewahi kumwona. Alinipeleka Birere, kwenye ghala la vitenge lililokuwa ghorofa ya kwanza. Mwenye ghala alituonyesha mlango wa nyuma, akaufungua, akaufunga. Mimi nikaweka alama kwenye fomu.

"Umetoka?" Papa Birindwa akaniuliza.

"Nitoke wapi, Papa?"

"Inje."

"Lakini mulango nimeuona."

"Hata mimi nimeuona. Sikukuuliza juu ya mulango. Nimekuuliza kama umetoka."

Akatoa kitambaa mfukoni, akanifunga macho kwenye ule mlango mbele ya mwenye ghala na vibarua wake, akasema moshi hauna huruma na macho ya mtu, kwa hiyo nitoke hivyo hivyo mpaka nifike barabarani. Ngazi nilishuka vizuri. Hatua ya nne nikajikwaa kwenye magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, ya saba nikapiga paji la uso kwenye kamba ya nguo, ya kumi na moja nikatumbukia shimoni. Walikuwa wanachimba choo. Kilichoniokoa ni kwamba Goma haichimbiki. Chini ni jiwe la volkano, na wale vibarua, baada ya wiki mbili za nyundo na patasi, walikuwa wamefika magotini. Mahali pengine popote Kongo ningevunjika shingo siku ya kwanza ya kazi.

Papa Birindwa alinivuta kwa mkono, akachukua fomu yangu, akafuta ile alama. Kisha akamwambia mwenye ghala kwa upole, na ule upole wake ulikuwa mbaya kuliko makelele, kwamba ana siku nane za kulifukia shimo lake na kuondoa makala yake. Viatu vyangu havikung'aa tena tangu siku ile.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mita ya kuvuta ya chuma, chaki, viatu vya mpira kwa msimu wa mvua, na ubao wa Papa Birindwa. Ubao huo ulikuwa na urefu sawa na upana wa watu wawili waliosimama bega kwa bega, mmoja akiwa amembeba mtoto. Aliupima kwa mke wake na shemeji yake, na akaniapia kwamba ni sahihi kuliko kitabu. Tukitoka nje ya mlango tulibeba ubao umelala mbele yetu mpaka barabarani. Uliponasa, hapo ndipo palipokuwa na kesi. Ulinasa kwenye mapipa ya maji, kwenye jenereta, kwenye vibanda vya mbuzi, kwenye pikipiki za watu ambao hawakujulikana. Kila ulikonasa tulikuta mtu wa kutuambia kwamba kile kitu kipo pale kwa muda tu. Nilikuta jenereta ya muda ambayo ilikuwa imeota nyasi.

Niliyojifunza kwake nayaandika mara moja, msinisumbue tena. Njia ya nje isirudi ikapita chini ya madirisha ya jengo lile lile, kwa sababu moto nao hutokea dirishani. Isiwe na kidato mara tu baada ya mlango, maana wa kwanza akianguka, wote watalala juu yake. Isiishie uani. Ua uliozungushiwa ukuta ni chungu, na mtu hakimbii sufuria ili aingie chunguni. Iishie barabarani, au mahali pa wazi penye nafasi ya kusimama wote, mbali na ukuta unaoweza kuwaangukia. Na hapa kwetu zaidi: ardhi ya lava iko na meno. Mtu aliyevaa kandambili hawezi kuikimbilia. Imwagieni changarawe, msawazishe. Hayo ndiyo yote. Mtu mzima anaweza kuyashika kwa nusu saa, na mimi nimeyarudia mpaka nywele zimekwisha.

Nilimkuta mwenye hoteli karibu na ziwa ambaye njia yake ya dharura ilishuka vizuri sana, ngazi za saruji, taa, kamba ya kushikilia, ikaishia majini. Nilimwuliza watu wakifika pale watafanya nini. Akasema wageni wake wengi wanajua kuogelea. Nilikuta ukumbi wa sala uliotokea kwenye kiwanja ambacho volkano ilikijaza lava hata ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Mlango ulifunguka upana wa mkono, ukagonga jiwe. Mchungaji akaniambia waumini wake ni wembamba. Nilikuta duka Birere ambalo mwenyewe alinunua mlango mzuri wa mbao, akaupaka rangi ya kijani, akaandika juu yake kwa herufi nzuri, akaupigilia misumari kwenye ukuta mzima. Niliufungua nikakuta mawe. "Fomu inauliza kama mulango iko," akaniambia. "Si iko?"

Na msiniulize juu ya salongo. Kila Jumamosi mji mzima unafanya usafi, na usafi ni jambo jema, Mungu awabariki. Lakini mji huu unasafisha mbele. Wakubwa wanapita mbele. Takataka, mawe, matawi, magurudumu ya zamani, vyote vinasukumwa nyuma, na nyuma ndiko iliko njia yangu. Nilikuwa naifungua Alhamisi, Jumamosi inafungwa tena na watu wanaoimba.

Papa Birindwa alirudi Bukavu kupumzika, akaniachia ubao, na miaka ikaenda. Sasa nifike kwenye shule ya ushonaji ya Murara, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa shule ya wasichana, sitini na wawili siku niliyoikagua, wote wakishonea ghorofa ya juu. Ngazi ya mbele ilikuwa ya mbao. Pembeni mwa ngazi, huko huko juu, palikuwa na chumba cha kupigia pasi, na pasi zilikuwa za makala kwa sababu umeme mnaujua. Madirisha yote yalikuwa na vyuma kwa ajili ya wezi. Nyuma palikuwa na mlango na ngazi ya chuma, nzuri, imara. Nikashuka na ubao wangu. Chini nikajikuta kwenye mwanya kati ya jengo na ukuta wa jirani, umezibwa huku, umezibwa kule. Ningeweza kukaa pale na wasichana sitini na wawili tukaimba rozari yote. Pa kwenda hapakuwepo.

Mkuu wa shule alikuwa Mama Jeannette, mwanamke safi, mwenye bidii, aliyeanza shule ile na cherehani tatu sebuleni kwake. Alinisikiliza vizuri, akaandika kila kitu, akasema tatizo ni ukuta wa jirani. Nikaenda kwa jirani. Jirani alikuwa Mama Masika, mjane kutoka Butembo, mfanyabiashara wa samaki, na kile kiwanja chake chote nyuma ya ukuta kilikuwa cha kuanikia. Alisema tatizo ni la shule. Nikaenda kwa mkuu wa avenue, mwenyekiti wa mtaa. Akasema tutaona. Mwaka mzima uliisha nikiwazunguka hao watatu kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Nilichotaka kilikuwa kidogo: ukanda wa mita moja na nusu pembezoni mwa kiwanja cha Mama Masika, kutoka ngazi ya chuma mpaka avenue ya nyuma.

"Papa Inspecteur," aliniambia, "hii samaki unajua inatoka wapi?"

"Vitshumbi, Mama."

"Inatoka Vitshumbi, inapita mu barabara yenye unajua wewe mwenyewe, inafika. Halafu ifike hapa kwangu, mwizi wa Murara aikamate ju ya mulango yako?"

"Tutaweka komeo kwa ndani, Mama. Mtu wa nje hawezi kufungua."

"Mwizi iko mutu wa inje?"

Nilikwenda kwake mara nne, na mara nne nilirudi ofisini nikinuka samaki, nimeshindwa. Nilimsomea sheria. Alinisikiliza akigeuza samaki wake upande wa pili, na nilipomaliza akanipa wawili nimpelekee mke wangu.

Mara ya tano sikusoma chochote. Nilikuwa nimechoka naye kweli, nilimwambia tu: "Mama, twende ukaone." Akajitanda kitenge, tukazunguka mpaka mbele, tukapanda ile ngazi ya mbao. Wasichana wakasimama kumsalimia. Mama Masika akaingia chumba cha pasi. Pasi sita zilikuwa zimejaa makala mekundu, na kando yake palikuwa na rundo la vipande vya nguo linalofika kiunoni. Akanusa. Kisha akaenda kwenye dirisha, akashika chuma, akakitikisa.

"Zote iko na vyuma?"

"Zote, Mama. Ju ya wezi."

Alishuka bila kuaga. Kesho yake asubuhi chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilisimama mbele ya ofisi yetu, zimepakia mawe, na waendeshaji wakauliza mahali pa kuyashushia. Mama Masika alikuwa ameyanunua mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja tu: ukuta wa pili ujengwe upande wake, ili njia ipite kati ya kuta mbili na samaki wake wabaki faragha.

Jambo hilo lilimalizika katika salongo tano. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu salongo ilifanya kazi nyuma. Wazazi walibeba mawe, waendesha chukudu walileta changarawe, mimi nilitembea na ubao kutoka ngazi mpaka avenue na haukugusa kitu. Mwishoni geti la chuma, komeo kwa ndani, linafunguka kwa kusukuma. Nilifunga macho yangu mwenyewe nikaipita yote, mbele ya watu, na sikuona haya. Nilikuwa na furaha kama bwana harusi.

Mama Jeannette naye alifurahi, na furaha yake ikawa na mikono. Alipaka kuta zote mbili chokaa. Akapanga mawe madogo kando ya njia, nayo akayapaka chokaa. Akapanda maua kwenye makopo. Chini ya ngazi akaweka mnyororo mwembamba wa kuning'iniza, mweupe, wa kuondoa kwa mkono mmoja. Nilimwuliza ule mnyororo wa nini, akasema ni wa urembo. Ulikuwa mwepesi, hata mtoto angeupita, nikaacha. Mtu aliyezoea jenereta zilizoota nyasi haanzi kugombana na maua.

Kila miezi mitatu nilikuja kukagua. Nilikuja saa saba mchana, wasichana wakiwa wamekwenda kula, nisiwasumbue. Kila mara njia ilikuwa safi mno hata nilitembea kwa vidole. Mara moja tu nilikuta maganda ya ndizi na alama za matope za kandambili, na kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa nimetoka kubishana na mtu wa magunia ya makala, niliandika jambo hilo kwenye ripoti kwa kalamu nyekundu. Baada ya hapo sikukuta hata jani. Niliwaleta baadhi yenu kuiona, mnakumbuka. Niliwaambia: tazameni, njia ndiyo hii.

Moto uliwaka wiki yangu ya mwisho kazini, Jumatatu, saa nne asubuhi. Mama Masika ndiye aliyenipigia simu. Alisema maneno mawili, "Shule inawaka," akakata. Nilichukua pikipiki, na njiani, Mungu anisamehe, nilikuwa nimetulia. Nilimwambia dereva asikimbize sana. Nilijua mahali watakapokuwa wamesimama, avenue ya nyuma, mbali na ukuta, nilikuwa nimepapima mwenyewe.

Avenue ya nyuma nilimkuta Mama Masika peke yake. Geti lilikuwa wazi, alikuwa amelivuta kwa nguvu mpaka likapinda. Alikuwa amesimama katikati ya njia nyeupe na mikono yenye magamba ya samaki, sauti imemkauka.

"Nimeita," akaniambia. "Nimeita, nimeita. Hakuna mwenye anatokea."

Nilikimbia mpaka chini ya ngazi. Mnyororo ulikuwa unaning'inia mahali pake. Changarawe haikuwa na alama ya mguu. Nikapanda, nikasukuma mlango wa juu, ukafunguka kwa kidole, na moshi ukanipiga usoni. Darasa lilikuwa tupu. Cherehani zilikuwa bado na nguo chini ya sindano.

Wote walikuwa wametokea mbele. Cheche ya makala iliruka kwenye lile rundo la vipande, chumba cha pasi kikashika, na wasichana sitini na mmoja pamoja na mwalimu wao wakashuka ile ngazi ya mbao, wakipita mbele ya mlango wa chumba kinachowaka. Walipita kwa sababu msichana mmoja, Neema, aliuvuta ule mlango ukafunga, akaushikilia mpaka wa mwisho akapita. Mlango ulikuwa wa bati na kitasa cha chuma. Aliushikilia kwa mkono wa kulia. Vijana wa pikipiki na ndoo za jirani wakauzima moto kabla haujala paa. Hakufa mtu. Watu mtaani walikuwa wanapiga makofi na kumshukuru Mungu, na mimi nilikuwa natafuta wa kumgombeza.

Nilimpata Mama Jeannette amekaa kwenye jiwe, kilemba kimeanguka. Nilimfokea mbele ya watu. Nilimwuliza njia ile tuliijenga ya nani, mawe yale yalibebwa ya nini, alikuwa anafundisha watu au anafuga vipofu. Miaka yote ya makala na mbuzi na jenereta ilimwangukia yeye. Nilipomaliza akanyanyuka, akaingia kwenye ofisi yake ya chini iliyojaa maji, akarudi na karatasi.

"Nilikuwa naichunga ju yako, Papa," akasema.

Ilikuwa ripoti yangu, ile ya maganda ya ndizi. Mwandiko wangu, kalamu yangu nyekundu: *Uchafu njiani. Isirudiwe.* Nilikuwa nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Siku ya pili yake nilikwenda hospitali. Neema alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mwanamke anayeuza mboga Birere, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mama yake alinipa kiti. Mama huyo alinieleza kwamba binti yake alikuwa amebakiza mtihani mmoja, wa kukata na kushona koti, na kwamba madaktari bado hawajasema kama vidole vitakunjika. Nilikaa. Nilijua ninachotakiwa kuuliza na sikutaka kukiuliza.

"Mwanangu, mlango wa nyuma hamkuuona?"

"Tuliuona, Papa."

"Ulikuwa umefungwa?"

"Hapana. Haikuwa imefungwa." Alimtazama mama yake kwanza, kama anaomba ruhusa. "Lakini kule ni njia ya inspecteur. Mwenye anaikanyaga, Mama Directrice anamurudisha nyumbani wiki moja."

"Hata moto ukiwaka?"

Alifikiri kidogo. Alitaka kunijibu kweli, nilimwona.

"Ya moto, Papa, hakuna mwenye alituambia."

Kwenye shule ile nilikuwa nimezungumza na mkuu wake, na jirani, na mkuu wa avenue, na mafundi, na waendesha chukudu. Miaka minne. Wasichana sikuwahi kuzungumza nao hata mmoja, hata kuwauliza majina. Nilikuja wakati wamekwenda kula, nisiwasumbue. Nimewacheka wenye majengo wengi katika karatasi hizi, na yule wa mlango wa kijani nimemcheka kuliko wote. Yeye aligongomea mlango kwenye ukuta. Mimi nilifungua ukuta, nikajenga njia, nikaipima, nikaipita nimefumba macho, kisha nikawazuia watu kwa kalamu. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, na safari hii sina mtu mwingine wa kumpa hasira hiyo.

Msininukulie sheria, vijana. Mkienda kukagua, nendeni saa ya kazi, watu wakiwa ndani. Watoeni. Wote, wanene na wembamba, mwenye mimba, mpishi, mlinzi anayesinzia. Wakilalamika waacheni walalamike. Wakichafua, andikeni kwenye ripoti kwamba wamechafua, na muandike kwamba ni vizuri.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho, ofisi ilikuwa imenunua soda na keki. Sikwenda. Nilikwenda Murara. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na mtaa wote ulikuwa matope meusi ya lava. Wasichana walikuwa wamekuja kufua nguo zilizojaa moshi. Nilimwomba Mama Jeannette anipe saa moja, akanipa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuondoa ule mnyororo na kuutupa nje ya ukuta. Niliwapandisha wote juu kwa ngazi ya mbele iliyoungua pembeni tu, kwa zamu, polepole. Kisha nikawatoa nyuma. Mara ya kwanza walishuka wameshika sketi zao, wakitafuta mahali pa kuweka mguu, kama watu waliovuliwa viatu kanisani. Ilibidi nipige makofi. Mara ya tatu walianza kucheka. Mara ya tano walitoka mbio, wote sitini na mmoja, wakamkuta Mama Masika getini anawahesabu kwa sauti.

Njia ilikuwa imeharibika kabisa. Chokaa ya ukutani ilikuwa na viganja vyeusi, mawe madogo yalikuwa yamepinduka, makopo mawili ya maua yalikuwa yamevunjika. Wasichana walisimama kwenye avenue wakitweta. Mmoja mdogo, wa mwisho mwisho, alibaki nyuma akiangalia zile alama za miguu, na furaha ikamtoka usoni polepole. Alikuja mpaka nilipo.

"Papa Inspecteur," akaniuliza kwa sauti ya chini, "tulete maji tusafishe?"